Gazeti la Sani Katika Kabati la Shule

Msafiri aipitaye njia kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, afikapo Maganzo, aghalabu husimuliwa habari moja tu, nayo ni ya almasi. Husimuliwa kwamba mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aliigundua Mwadui, mwendo mfupi kutoka hapa. Kwamba mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi, lenye uzito wa karati 54 na ziada, lilitoka katika ardhi hiyo likaenda Uingereza kuwa tunu ya arusi ya binti mfalme Elizabeth. Na kwamba hata leo, katika baraza za maduka ya mji, wapo watu waketio tangu asubuhi hadi magharibi wakimngoja mtu atakayekuja na kijiwe kilichokunjwa ndani ya kipande cha karatasi. Yote hayo ni sahihi, wala sina nia ya kuyapunguzia adhama yake. Lakini mimi sikuletwa Maganzo na mawe. Nililetwa katikati ya miaka ya 1980 na barua ya uhamisho wa mwalimu, na muda niliokaa nikifundisha watoto wa wachimbaji, wa madalali, wa wakulima wa pamba na wa wafugaji ulinifunza jambo ambalo chuoni sikufunzwa: ya kwamba karatasi ile ile inayofungia kijiwe, na inayofungia karanga, yaweza kumfanya mtoto awe msomaji kabla ya kitabu chochote tulichomwekea kabatini.

Shule yetu, kama shule nyingi za zama zile, ilikuwa na maktaba kwa jina na kabati kwa hakika. Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, refu, lenye milango miwili na kufuli, limesimama katika ofisi ya mwalimu mkuu, na ufunguo wake ulikaa kiunoni mwa mwalimu mkuu mwenyewe pamoja na ule wa stoo ya majembe. Ndani yake mlikuwa na nakala zilizosalia za vitabu vya kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, vilivyofundisha kilimo bora cha pamba na ufugaji wa kuku. Mlikuwa na kamusi isiyo na jalada. Na mlikuwa na sanduku zima la vitabu vilivyoletwa kwa hisani kutoka nchi za mbali, vyenye habari za theluji, za treni zipitazo chini ya ardhi, na za watoto wafugao sungura chumbani na kumpa jina, ilhali wetu humwinda sungura na kumla. Vitabu vile vilikuwa safi kwa sababu havikuguswa. Sharti la kuazima lilikuwa mtoto aandikwe jina katika daftari, akaguliwe mikono, kisha alipe akichafua. Basi wenye akili miongoni mwao walikata shauri mapema kwamba salama yao ni kutoomba.

Fauka ya hayo, watoto wengi wa upande huu, hasa watokao vijiji vya pembeni, huja darasa la kwanza wakiwa na lugha yao kamili, nayo ni Kisukuma, ambayo kwayo wamekwisha kujua kutania, kuhesabu ng'ombe, kutegua vitendawili na kuomba msamaha. Kiswahili hukikuta shuleni, nacho hukikuta katika hali yake kavu kabisa: huyu ni Juma, hiki ni kiti, Juma anakaa juu ya kiti. Mtoto aliyekwisha kusikia kwa bibi yake hadithi ya zimwi lililomeza nchi nzima huambiwa sasa astaajabie Juma na kiti chake, na akisinzia, huandikwa katika taarifa ya mwisho wa muhula kuwa ni mzito wa kuelewa.

Nje ya kabati lile, kusoma kulikuwa kukiendelea bila idhini yetu. Mama mmoja aliyeuza karanga za kukaanga karibu na uzio wa shule alikuwa akinunua magazeti makuukuu madukani, akiyachana ukurasa baada ya ukurasa, na kuusokota kila mmoja uwe kifuko chenye ncha. Mengi ya magazeti hayo yalikuwa ni Sani, yaliyokuwa yakisomwa na madalali katika kungoja kwao kusikokwisha, na mengine yaliangushwa na madereva wa malori ya Mwanza. Nikaona kwamba watoto huchagua kifuko kwanza, karanga baadaye. Mvulana mmoja wa darasa la nne, ambaye sisi walimu hatukumkumbuka kwa lolote ila utoro, alikuwa amejikusanyia kurasa hizo zenye madoa ya mafuta, akazipanga kwa nambari chini ya mwarobaini, na wenziwe wakamzunguka. Akawasomea kwa sauti, akibadili koo kwa kila msemaji, na pale ukurasa ulipokosekana aliwasimulia yale ambayo kwa maoni yake hayakosi kuwa yametukia. Mmoja akampinga. Akamwambia hayawezi kuwa hivyo, maana katika picha inayofuata yule mtu hana kofia, basi kofia imekwenda wapi? Likazuka jadali la kofia, kila upande ukitaja ushahidi wa picha na wa maneno, mpaka kengele ikawatawanya. Nilikuwa nimefundisha ufahamu kwa miaka kadhaa, na sikuwahi kupata darasani hata robo ya hoja zile.

Ni insafu niseme gazeti lile lilikuwa nini, maana vijana wa leo huenda hawalijui. Sani ilianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ikapata jina lake kwa kuunganisha mwanzo wa majina yao mawili. Na kalamu iliyoipa sura ni ya Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986, akaacha nyuma yake jamaa ya wahusika ambao nchi nzima iliwajua kwa nyuso na kwa tabia: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, Pimbi. Wala haikuwa ndiyo asili ya fani hii kwetu. Kabla yake Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na ng'ambo ya mpaka, huko Kenya, Edward Gitau alikuwa akimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, akamkalisha katika Taifa Leo miongo kwa miongo. Wahusika hawa wote ni watu wa aina moja: wapenda njia za mkato, wenye madeni, waongo wasiofanikiwa, wanaojitia ujuzi wasiokuwa nao. Mtoto wa Maganzo hakuhitaji maelezo juu yao. Aliwaona kila siku barazani.

Nilipotoa shauri katika kikao cha walimu kwamba magazeti hayo yaingizwe kabatini, mwenzangu mmoja, mtu mwenye bidii kubwa na fimbo ndefu, ambaye wiki ile ile alikuwa amemwadhibu mtoto kwa kukutwa na ukurasa ndani ya daftari la hesabu, alisimama akapinga kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba picha humtia mtoto uvivu, akaangalia asisome. Ya pili, kwamba katika gazeti lile mna habari za ulevi na za mapenzi zisizofaa macho ya mtoto. Hoja ya pili ilikuwa ya haki, nami niliikubali pale pale, kwa kuwa Sani haikuchapwa kwa ajili ya watoto wala haikudai hivyo. Lakini ile ya kwanza niliikataa, na hata leo naikataa, ingawa baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma zaidi, niligundua kwamba mwenzangu alikuwa na washirika wengi ulimwenguni. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuzituhumu hadithi za katuni kuwa ndizo zinazowapoteza vijana. Baraza la Seneti likaketi kusikiliza, na wachapishaji kwa hofu wakajitungia kanuni ya kujichuja wenyewe. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria yake ya kuwakinga watoto na machapisho ya picha yaliyohesabiwa kuwa na madhara. Ilipita zaidi ya nusu karne hata mtaalamu wa elimu ya maktaba, Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipoyafungua majalada ya Wertham na kudhihirisha, mwaka 2012, kwamba shuhuda nyingi za watoto zilikuwa zimekatwa, zimeunganishwa na kupindwa ili zikubaliane na tuhuma. Na jambo ambalo ningependa mwenzangu alijue ni kwamba yule ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa fani hii, Rodolphe Töpffer wa Geneva, alikuwa mwalimu wa shule, naye alizichora hadithi zake za kwanza katika miaka ya 1820 kwa ajili ya kuwafurahisha wanafunzi, zikapita mkono kwa mkono hata zikamfikia mshairi Goethe katika uzee wake, naye akazisifu.

Mwalimu mkuu, mzee wa maneno machache, alisikiliza pande zote, kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe unaogopa yasiibwe?" Nikamjibu kwamba wizi hauna budi kutokea. Akasema, "Basi tutakuwa tumepiga hatua. Tangu nishike ufunguo huu hakuna mtu aliyewahi kutamani kuiba kitu humu ndani." Akaufungua ufunguo kiunoni akanikabidhi, kwa masharti mawili: kwamba kila ukurasa usomwe kwanza na walimu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, na kwamba mtoto asichapwe kwa kuchafua.

Tukaanza kazi. Magazeti tuliyapata barazani kwa kuomba, na kwa yule mama wa karanga kwa kubadilishana na karatasi za mitihani ya zamani. Tukayachambua kama wachambuavyo mchanga wa almasi wenye chekeche zao, isipokuwa sisi tulibakiza kingi kuliko wao. Hadithi zilizofaa tuliziweka pamoja kwa namna zake, tukazishona kwa shazia na uzi uliochomolewa katika magunia ya pamba, tukazivisha majalada ya karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji, tukagandisha kwa gundi ya unga wa muhogo iliyotiwa chumvi ili mende wasiile, na juu yake watoto wenyewe wakaandika anwani. Kabati likatolewa ofisini, likawekwa kibarazani mwa darasa la tano, likawa hufunguliwa wakati wa mapumziko pasipo daftari wala ukaguzi wa mikono.

Sasa nitaje lile ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote, kwa sababu wasifuo katuni mashuleni aghalabu huzisifu kwa sababu ndogo, wakisema kwamba picha humsaidia mtoto aelewe maneno. Husaidia, kweli, lakini si hilo lililoniajabisha. Nilimkuta msichana mmoja mdogo, aliyekuja kwetu akijua Kiswahili cha salamu tu, amekwama katika picha moja kwa muda mrefu. Picha ilionyesha mtu amesimama nyuma ya mlango wake, ameficha rungu mgongoni, na maneno yaliyozungushiwa duara juu ya kichwa chake yalisema: karibu ndani, ndugu yangu mpenzi. Msichana akanitazama, akauliza, "Mwalimu, kwani 'mpenzi' maana yake ni mtu unayemchukia?" Sikumjibu. Nikamwambia aisome tena, aitazame tena. Akasoma, akatazama, na ghafla akacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyefumbuliwa jambo, akawaita wenziwe kuwaonyesha. Katika dakika ile alikuwa amejifunza kitu ambacho vitabu vyetu vya kiada havikudiriki kumfundisha hata mtoto wa darasa la saba: kwamba lugha yaweza kusema jambo moja na kukusudia kinyume chake, kwamba maneno yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe yule aweza kuwa mwongo. Kwa lugha yake ya nyumbani alilijua hilo tangu utotoni, maana Wasukuma ni watu wa utani. Lakini Kiswahili kwake kilikuwa mpaka siku ile ni lugha isiyojua kudanganya wala kutania, lugha ya amri na ya orodha. Kuanzia hapo kikawa lugha ya watu.

Jambo la pili ni lile la kofia. Kati ya picha na picha pana mwanya mweupe, na ndani ya mwanya ule mambo hutukia ambayo mchoraji hakuyachora wala mwandishi hakuyaandika. Hapa mtu ameinua ngumi. Pale amelala kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa. Nani alimpiga, wapi, kwa kitu gani, nani alimbeba? Msomaji sharti ajaze mwenyewe, na akijaza vibaya picha ifuatayo itamsuta. Kwa hiyo yule asemaye kwamba katuni humpunguzia mtoto kazi hajapata kumtazama mtoto anayeisoma. Kazi ni kubwa, ila haimchoshi, kwa kuwa ameitaka. Nikafanya mazoea, katika vipindi vya Kiswahili, kuwauliza swali moja tu: kati ya picha hii na hii, pametukia nini? Waliozoea kuandika sentensi tatu kwa kulazimishwa wakaandika ukurasa, na kisha wakaomba wasomewe kazi za wenzao ili waone nani amebuni vizuri zaidi.

Baadhi ya walimu waliposikia mafanikio hayo walitaka kuyatilia nguvu kwa kuyageuza mtihani: taja majina ya wahusika wanne, eleza mafunzo matano uliyotoka nayo. Sijui ni ugonjwa gani huu tulio nao walimu, kwamba tukiona kitu kinapendwa hatutulii mpaka tumekitungia maswali. Majuma machache ya maswali yale yalitosha kuwapunguza watoto kibarazani; yalipoondolewa wakarejea.

Kazi iliyoleta taathira kubwa kupita zote, hata hivyo, haikutoka Dar es Salaam. Watoto walipokwisha kusoma bunda lote na kulirudia, walianza kudai jipya, nasi hatukuwa nalo. Ndipo tukawaambia wachore wenyewe hadithi wanayoijua. Wakaichagua wote, pasipo kushauriana, hadithi ya Masala Kulangwa, ambayo hakuna nyumba ya Kisukuma isiyoisimulia: jinsi dubwana Shing'weng'we lilivyomeza watu wote na mifugo yao, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, jinsi alivyojifungua mtoto wa kiume, na jinsi mtoto yule alivyokua, akauliza watu wako wapi, akaliwinda dubwana, akaliua, akalipasua tumbo wakatoka hai watu na ng'ombe. Wakapewa karatasi, wakazigawa kwa rula, na hapo hapo wakakutana na matatizo ambayo mchoraji yeyote hukutana nayo. Dubwana lililomeza nchi nzima litaenea vipi katika kisanduku kisichozidi kiganja? Mmoja akalichora jicho tu. Mwingine akachora mguu, na chini ya kidole cha mguu nyumba na zizi. Masala aseme nini atokapo mbele ya adui? Waliompa maneno mengi walichekwa na wenzao, wakaambiwa mtu aliye vitani hahutubii. Wakayapunguza, wakajifunza kwa njia hiyo uzuri wa ufupi.

Katika simulizi hiyo mna jambo dogo ambalo wasimuliaji wa mjini huliruka: Masala alipokuwa akilipasua tumbo la dubwana, kisu chake kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwa ndani, na ajuza yule, badala ya kushukuru kwa kuokolewa, akakasirika akataka kulipiza. Msichana wa picha ya rungu, yeye yule, alimpa ajuza huyo kisanduku kikubwa kuliko vyote katika kurasa zake, kikubwa kuliko hata cha kifo cha dubwana: uso umekunjwa, mkono umeshika pembeni mwa kichwa, na maneno juu yake, "Umenikata sikio langu!" Nyuma yake, wadogo wadogo, watu wengine wote wanashangilia. Nilimwuliza kwa nini amemkuza hivyo. Akajibu kwamba bibi yake akifika hapo husimama, haendelei mpaka wote wanyamaze. Siku ya kikao cha wazazi tulizitundika kazi hizo ukutani, na bibi mwenyewe alikuja. Tulipokwisha kuamkiana, mwangaluka na majibu yake, akaongozwa na mjukuu mpaka mbele ya picha ile, akaitazama kwa makini, akasema kwa Kisukuma kwamba sikio lililokatwa si hilo, ni la upande wa pili. Mtoto akafuta, akahamisha. Bibi yule hakujua herufi hata moja, na bado siku hiyo alikuwa mhariri.

Baada ya miaka ya 1990 kuingia, mambo yalituwia mepesi. UNICEF ilitoa vitabu vya katuni vya Sara, msichana mwerevu mwenye kima wake Zingo, anayepigania kubaki shuleni. Na katika mkoa kama wa Shinyanga, ambako kuozwa kwa mabinti wadogo ni msiba wa kila mwaka, vitabu vile havikuhitaji mfasiri. Nilivipenda, ingawa nitasema pia kwamba wavulana walimpenda kima zaidi kuliko nasaha, na kwamba katuni nyingine nyingi zilizoletwa baadaye na watu wa mashirika zilikosa kima na kubaki na nasaha peke yake; hizo zilikaa kabatini safi kama vile vya theluji. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema la Nairobi likachapa Abunuwasi, kazi ya Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa amehamia Kenya. Nakala moja ilitufikia kwa mkono wa ndugu aliyesafiri, na haikudumu: ilisomwa hata ikawa matambara. Abunuwasi ni mtu wa kale wa pwani na wa Baghdad kabla ya pwani, na kumwona akimtega sultani kwa kalamu ya kisasa kuliwafanya watoto watafute habari zake zaidi katika vitabu visivyo na picha, na baadhi yao wakafika mpaka kwa Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze*, kwa sababu mtu aliwanong'oneza kwamba humo mna watu waliogeuzwa manyani.

Nasema baadhi yao, kwa kuwa sipendi kutia chumvi. Wako waliotoka katika katuni wakaingia katika riwaya na mashairi, na wako ambao hawakutoka, wakabaki na Kingo wa James Gayo na kipanya wa Masoud katika gazeti la kila siku mpaka leo wakiwa watu wazima. Hao wa pili siwahesabu kuwa hasara. Msemo wa kwamba katuni ni ngazi tu ya kupandia vitabu vya kweli, kisha isukumwe, ni msemo wa watu wasiozisoma. Mwaka 1992 kitabu cha Art Spiegelman, *Maus*, kinachosimulia maangamizi ya Wayahudi kwa picha za panya na paka, kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Mwaka 2020 *New Kid* ya Jerry Craft ilikuwa riwaya ya kwanza ya katuni kupewa medali ya Newbery, ambayo ndiyo heshima kuu ya vitabu vya watoto huko Marekani. Na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, amewaonyesha wasomaji wa Ulaya maisha ya kawaida ya mji wa Kiafrika kwa hadithi zake za Aya, vizuri kuliko mihadhara mingi. Karibu na kwetu, Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 ikigawiwa bure pamoja na gazeti, ilisomwa na vijana ambao hakuna mwalimu aliyewaagiza waisome, ikavuka mpaka hadi kwetu.

Yule mvulana mtoro wa chini ya mwarobaini hakuwa mwandishi wala mchoraji. Alimaliza darasa la saba, jambo ambalo hatukulitarajia, akaenda kwenye chekeche kama baba yake. Na nilipomwona mara ya mwisho alikuwa barazani, mtu mzima mwenye watoto, akiwasomea wenzake mkataba wa kuuziana eneo, akisimama kila kifungu na kuwauliza, kati ya hiki na hiki, pametukia nini ambacho hakikuandikwa? Wakamsikiliza sana.

Tangu sera ya elimumsingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu wa leo mwenye watoto wengi mbele yake hana wasaa wa kumfuata kila mmoja. Anahitaji kitu kitakachomshika mtoto pasipo yeye kusimama kando yake. Kwa hiyo nina ombi kwa watu watatu. Wachapishaji wa Dar es Salaam, Masala Kulangwa hajapata kitabu cha katuni kinachomstahili, chenye Kiswahili fasaha na rangi. Wachoraji tunao, na wanunuzi wapo. Kamati za shule, litoeni kabati ofisini. Na wewe msomaji, uliye na bunda la Sani au la Kingo chini ya kitanda, lipitie kwanza, toa yasiyofaa watoto, kisha yaliyobaki uyapeleke shule ya msingi iliyo karibu nawe kabla muuza karanga hajayafikia.